Kijani cha Amani: Maneno kwa Wapiga Picha Wanaopanda Usambara

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu mliokubali kuketi nasi, dada zangu na kaka zangu wa kamera, asalaam alaykum, na kwa wote habari za asubuhi.

Nimeitwa niseme juu ya picha za msitu kwa sababu wiki hii wengi wenu mnapanda Amani, ile hifadhi ya msitu kwenye milima ya Usambara. Najua riziki ya wengi humu ndani inatoka kwenye harusi, mahafali na pasipoti, na najua mkono wenu umekomaa. Mtu anayeweza kumpata bibi harusi katikati ya umati wa ndugu wanaosukumana hahitaji kufundishwa kushika kamera. Ila msitu una tabia ambayo ukumbi wa harusi hauna: haukuonyeshi mwenye shughuli ni nani. Shina, jani, jiwe, kamba za porini, kivuli, vyote vimesimama daraja moja, na vyote ni vya kijani. Ndiyo maana mtu hurudi na kadi imejaa, akifungua kompyuta asikione kile kilichomsimamisha njiani. Kimo, lakini kimefunikwa na vingine vyote.

Basi neno langu leo ni hili, na nitalifuata tangu mnaposimama porini mpaka karatasi inapotoka kwenye mashine: picha ya msitu hupatikana kwa kuondoa. Unaondoa kwa miguu, unaondoa kwa lenzi, unaondoa kwa kuchagua saa. Na ukifika kwenye kuhariri unaendelea kuondoa, hasa rangi. Hapo mwisho ndipo wengi wanapogeuka na kuanza kuongeza, na kazi yote ya asubuhi inaharibika kwa kidole kimoja.

Nianze na mahali penyewe, kwa kuwa mahali pana sheria zake za mwanga. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997, lakini bustani ya mimea iliyo ndani yake ni ya 1902, kazi ya Wajerumani. Kwa hiyo mtakuta miti ya asili na miti iliyoletwa kutoka ng'ambo imesimama jirani. Kule chini Sigi bado hamjapanda sana kutoka usawa wa bahari. Juu kabisa mnapita mita 1,000. Hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, inagonga mlima, inalazimika kupanda, inapoa, na ule unyevu unageuka ukungu. Watu wa mjini wakiuona ukungu husema leo hakuna picha. Mimi nawasihi mkiuona muongeze mwendo.

Ukungu hufanya kazi ambayo hakuna programu inayoiweza sawasawa. Kati yako na mti wa karibu kuna ukungu kidogo, kwa hiyo mti huo unabaki mweusi na wenye nguvu. Mti wa pili umefunikwa zaidi, umefifia. Wa tatu umebaki umbo tu. Msitu uliokuwa ukuta mmoja unafunguka kuwa tabaka, na jicho linajua lianzie wapi na liishie wapi. Nusu ya fujo imeondolewa na hewa yenyewe. Muwahi kati ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa tatu. Ukikosekana, siku ya mawingu inatosha, na baada ya mvua ni bora zaidi, maana gome likilowa linakuwa jeusi na majani yaliyo mbele yake yanajitokeza. Jua la saa sita liacheni. Linapenya matawini na kutupa madoa meupe sakafuni, na kamera hushindwa kubeba doa lile na kivuli kilicho pembeni yake kwa wakati mmoja. Mkilazimika kupiga saa hizo, tafuteni majani yanayopitiwa na jua kutoka nyuma, mfanye hayo ndiyo picha nzima.

Sasa miguu, na hapa nitakaa kidogo.

Ukishapata kilichokusimamisha, tuseme shina moja kubwa la msambu lililonyooka, usiinue kamera bado. Tembea. Hatua moja kushoto, na mti mwembamba uliokuwa umelikata shina katikati unahama. Hatua moja mbele, na kichaka kilichoziba mizizi kinashuka nje ya fremu. Wengi hudhani lenzi ndiyo inayopanga vitu vikaribiane au viachane. Uhusiano wa kitu kilicho mbele na kilicho nyuma unaamuliwa na mahali uliposimama, basi. Ukivuta lenzi huku miguu imeganda, unakata tu sehemu ndogo ya mpangilio uleule mbovu. Kinachotafutwa ni nafasi kati ya shina na shina. Mashina mawili yanayogusana hugeuka donge moja lisilo na umbo. Mashina mawili yenye upenyo kati yao, hata kama ni mwembamba, yanakuwa miti miwili inayosemezana. Mkiniuliza mtu atumie muda wake wapi, nitasema hapo, kwenye zile hatua ndogo za kutenganisha miti, kuliko popote pengine katika kazi hii.

Urefu wa kamera nao unahesabika. Ukichuchumaa, majani ya karibu yanapanda na kuziba kila kitu. Ukiinua kamera juu ya kichwa, sakafu ya msitu inafunguka na unaona vitu vilivyotengana toka mbele mpaka nyuma. Na Usambara ina zawadi ambayo tambarare hazina: mteremko. Mahali pa tambarare, ukitaka mti mrefu unainua kamera, na mashina yote yanainama kuelekeana huko juu. Amani unaweza kusimama ukingoni mwa barabara, upande wa bonde ukawa unatazama katikati ya kimo cha mti ulioota chini yako. Kamera inabaki sawa, mashina yanabaki wima. Tafuteni hizo kona za barabara.

Juu ya vifaa nitasema machache. Lenzi ndefu kiasi, ya milimita 70 hadi 200, inafaa msituni kuliko ile pana, kwa sababu inaacha vitu vingi nje. Stendi chukueni, maana mwanga ni haba. Na kama mna filta ya polaraiza, hii ndiyo siku yake. Jani la msitu wa mvua lina nta juu, na nta hiyo hurudisha mwanga wa anga. Anga la mawingu ni jeupe, kwa hiyo jani linaonekana la kijivu ingawa kwa ndani ni la kijani kizito. Filta huondoa mng'ao huo na rangi ya kweli inatoka. Inakula mwanga, kati ya nusu na robo tatu yake, ndiyo maana nimetaja stendi kwanza. Msiizungushe mpaka mwisho kila mara. Mng'ao kidogo ndio unaolipa jani umbo.

Kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo nne za fremu. Sisi watu wa pwani tumelelewa na kanga, na kanga haina mji peke yake, ina pindo, na msanii wake hulifanyia kazi pindo kama anavyoufanyia kazi mji. Fremu ya picha ni hivyo hivyo. Kijitawi kinachochungulia kutoka pembeni, tundu jeupe la anga kwenye kona, nusu ya shina lililokatwa na ukingo, hivyo vinavuta jicho litoke nje. Anga jeupe ndilo adui mkubwa. Likiingia hata kipande kidogo, jicho linakimbilia huko kwanza. Shusha kamera mpaka litoke. Picha nyingi nzuri za msitu hazina mbingu kabisa, na hakuna anayeikumbuka.

Tuje kwenye rangi.

Jicho la binadamu mchana huona kwa wepesi zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 555. Waliotengeneza kamera walilijua hilo. Bryce Bayer wa Kodak alipopata hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi mwaka 1976, alitenga nusu ya nukta kwa kijani, na nusu iliyobaki ikagawanywa kati ya nyekundu na bluu. Kamera nyingi mlizoshika leo, na simu zenu, bado zinafuata mpangilio huo. Maana yake ni kwamba kijani ndiyo rangi ambayo kamera yako ina taarifa zake nyingi kuliko nyingine zote. Haihitaji kusaidiwa kupiga kelele.

Na chini ya miti kuna jambo jingine, ambalo nyinyi wa harusi mnalijua vizuri kuliko mtu yeyote. Mmewahi kumweka bibi harusi chini ya mwembe, picha ikatoka na uso wake una ukijani usioeleweka. Mwanga uliomfikia ulikuwa umepita kwenye majani, na mwingine umegonga nyasi ukarudi. Porini ni vilevile, ila huko hakuna uso wa kukushtua. Jicho lako linazoea ule ukijani baada ya dakika chache, kamera haizoei. Kwa hiyo gome la kijivu linatoka la kijani, jiwe linatoka la kijani, ukungu mweupe unatoka wa kijani, na picha nzima inakuwa supu. Dawa yake ni ileile ya bibi harusi: kwenye programu ya kuhariri, kitelezi, yaani kile kitufe cha kusogeza, kinachokaa kati ya kijani na majenta (waridi iliyokolea) kisogeze kidogo upande wa majenta, ukitazama gome au jiwe, mpaka lirudi rangi yake. Usitazame majani wakati huo. Gome likishakaa sawa, utashangaa majani yametengana yenyewe, haya ya njano-kijani, yale ya kijani cha chupa, mengine karibu ya bluu kivulini.

Hili linawezekana vizuri mkipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Faili la JPEG, lile la kawaida ambalo kamera imeshalibana, linabeba ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Kwenye picha ya harusi tofauti hiyo unaweza usiione. Kwenye msitu, ambapo picha nzima imejibana ndani ya kijani na vivuli, utaiona mara tu ukianza kuvuta vitelezi.

Baada ya mizani ya rangi, yaani huko kurudisha gome rangi yake, fungueni sehemu ya rangi moja moja. Iko kwenye programu ya kuhariri ya Lightroom, hata ile ya simu. Wengi hukimbilia kitelezi cha kijani na kushangaa kwamba hakibadilishi sana. Rangi ya jani, hasa jani linalopitiwa na mwanga, kwa sehemu kubwa ni njano. Anza na njano. Punguza ukolevu wake kidogo, kisha ushushe mwangaza wake kidogo, uone msitu unavyotulia. Halafu ndipo ukiguse kijani, nacho ukipunguze. Kitelezi cha kukoleza rangi zote kwa pamoja naomba mkiache kabisa kwenye picha za msitu. Kikipanda, majani yote yanafikia kijani kilekile, na ile tofauti ya jani changa na jani kuukuu uliyoihangaikia inafutika.

Nina jambo ambalo linanigusa sana, nalo ni hizi priseti zinazouzwa mtandaoni, yaani mipangilio ya rangi iliyokwisha kuandaliwa ambayo unaibonyeza mara moja. Nyingi zimetengenezwa kwa misitu ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ambako majani hugeuka njano na nyekundu kabla ya baridi. Unaibonyeza kwenye picha ya Amani na kijani chote kinahamia rangi ya chungwa. Inapendeza, inapata mioyo mingi kwenye simu, lakini hakuna siku msitu wa Usambara unaonekana hivyo. Ni msitu usiopukutisha majani yote kwa pamoja. Kijani chake kizito ndiyo sura yake. Mtoto wa Muheza akiiona picha hiyo haoni kwao.

Na kama mtu ana hamu ya nyekundu ya kweli, ipo hapahapa Tanzania. Nendeni kwenye miombo, Tabora, Katavi, Ruvuma, mwezi wa tisa na wa kumi, kabla mvua hazijashuka. Miti ile huchipua majani mapya yakiwa mekundu, ya shaba, mengine ya zambarau, kwa sababu jani changa lina rangi nyekundu ndani yake kabla klorofili haijajaa. Siku chache baadaye linakuwa kijani. Huko onyo langu linageuka: mizani ya rangi ya otomatiki huiona ile nyekundu imetawala fremu, inadhani ni kosa la mwanga, inaipooza. Wekeni mizani ya mwanga wa mchana, karibu Kelvini 5,500, muiache hapo, ili nyekundu ibaki ilivyo.

Kuna wanaosema kuhariri ni kudanganya. Siafiki. Mmarekani Eliot Porter, aliyezaliwa 1901 na kusomea udaktari, aliuacha akawa mpiga picha wa ndege na misitu, wakati ambapo wakubwa wa fani walikuwa wakiheshimu nyeusi na nyeupe tu. Alitumia njia ya kuchapa ambamo rangi tatu, samawati, majenta na njano, huwekwa kwenye karatasi moja baada ya nyingine, na mchapaji anaamua kila moja iwe na nguvu kiasi gani. Hiyo ni kuhariri rangi moja moja, miongo mingi kabla ya kompyuta za mezani. Picha zake ni tulivu, zimejaa majani na mashina, na rangi zake unaziamini. Mkono wa mhariri upo kila mahali pale, ila unafuata alichokiona.

Kuhusu mwanga kwenye kuhariri, kanuni ni ileile ya kuondoa. Msitu una giza. Uacheni uwe na giza. Simu za siku hizi huunganisha picha kadhaa kwa mpigo mmoja na kuinua vivuli vyote, kwa hiyo kila jani linaonekana na hakuna kinachoonekana. Ukipokea picha ya namna hiyo, shusha vivuli, shusha sehemu zenye mwanga, halafu chagua sehemu moja tu uiinue: lile shina, au upenyo ambamo ukungu umeingia. Kwenye Snapseed, programu ya kuhariri ya simu, kuna kifaa cha kugusa sehemu moja na kuiongezea mwanga, na hakuna malipo. Kingo ziteremke kidogo, taratibu, mtazamaji asijue. Kitelezi cha kuondoa ukungu msikiguse, tafadhalini. Mmepanda alfajiri kuufuata ukungu, halafu programu iufute? Kama ni kukitumia, kisogezeni upande wa pili, na katika sehemu za nyuma tu, ili tabaka zitengane zaidi.

Je, kufuta tawi kwenye kompyuta inaruhusiwa? Kijitawi cha ukingoni mimi nakifuta. Mti siufuti, wala sihamishi mti kutoka picha nyingine. Amani ni mahali ambapo watu hugombea kujua nini kimebaki na nini kimekatwa. Mto Sigi unaotoka kwenye milima ile ndio unaoleta maji mjini Tanga. Picha yako kesho inaweza kutumiwa na mtu kuonyesha hali ya msitu, hata kama wewe uliipiga kwa uzuri tu, kwa hiyo miti iliyomo iwe ile iliyokuwapo. Na langoni lipeni kiingilio, ulizeni pia kibali cha picha za biashara na cha droni kabla hamjafungua mabegi.

La mwisho ni karatasi. Skrini hutoa mwanga wake yenyewe, karatasi inategemea mwanga wa chumba. Picha ya msitu yenye giza zuri kwenye kompyuta iliyowashwa mwanga mkali itachapwa nyeusi tii. Punguzeni mwanga wa skrini kabla ya kuhariri, wekeni karatasi nyeupe pembeni mlinganishe. Chapeni kwanza kipande kidogo, mkitazame nje mchana, chini ya kibaraza. Na mkifika studio ya kuchapia, mwambieni fundi azime marekebisho ya otomatiki ya mashine. Mashine zile zimefundishwa nyuso za watu. Zikiona fremu yote ya kijani zinadhani kuna kosa na kumwaga majenta juu yake, hata kama wewe ulikwisha kuisahihisha.

Baada ya chai tutafungua mafaili hapa kwenye skrini kubwa. Aliye na picha ya msitu, hata ya mikoko ya hapa jirani au ya miti ya shambani kwao, alete kadi mbele. Naomba faili la RAW ambalo halijaguswa, ili tuanze wote kwenye gome, tukitafuta rangi yake.